Nyumba Kabla ya Shule Kufunguliwa

Jumatatu, 15 Desemba

Nyumba ya tano. Choo cha nje, wapangaji watatu. Nimeiandika kwenye jedwali, nikafunga daftari na kurudi ofisini kabla ya saa nane.

Ni wiki ya tatu tangu niripoti Bariadi, mchumi mpya katika ofisi ya mkoa. Bado naishi nyumba ya wageni: kitanda, meza, na dirisha linalotazama mafundi baiskeli. Elia na watoto wako Morogoro. Jana mume wangu alitoa sharti lake kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Nikipata nyumba kabla ya shule kufunguliwa, wanakuja. Nisipopata, Neema na Tumaini wataendelea na masomo huko huko kwa mwaka mzima. Shule inafunguliwa tarehe kumi na tatu Januari.

Najua mwaka mzima ni nini. Nilipokuwa Dodoma kwa masomo ya uzamili, Tumaini alinisahau. Niliporudi aliniita shangazi kwa siku nne. Sitaki tena.

Alhamisi, 18 Desemba

Jedwali lina safu sita: maji, umeme, shule, umbali wa ofisi, usalama, majirani. Kila nyumba naipa alama. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Leo nimegundua kuwa nimeongeza uzito wa safu ya usalama mara mbili, ili nyumba moja tu iongoze. Kwa hiyo jedwali halichagui. Linanitii.

Nyumba hiyo naitaka. Geti jeusi, vigae, tangi la maji. Imo katika eneo la watumishi waliotoka mikoa mingine kama mimi, kila mmoja ndani ya ukuta wake. Dalali wangu, Shija, mtu mzima mwenye pikipiki na kofia ya pama, alipitisha kidole kwenye ufa uliofichwa kwa rangi, kutoka dirishani hadi sakafuni.

"Hapa ni mbuga, madam. Udongo mweusi. Mvua ikija unavimba, jua likija unapasuka. Nyumba inapumua."

"Mbona watu wamejenga?"

"Wamejenga. Na zote zinapumua."

Nilicheka. Sikuandika udongo popote. Hauna safu.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua kubwa tangu jana. Nilikwenda kumalizana na mwenye nyumba yenye geti. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope kabla sijalifikia geti. Mlango wa mbele, uliofunga vizuri juzi, leo haukurudi kwenye fremu. Ufa sasa unaingiza kidole.

Nimerudi peku. Nimekasirika. Shija aliniambia waziwazi, nami nikasikia kichekesho.

Jumanne, 23 Desemba

Upande wa pili wa mji, barabara ya kwenda Dutwa. Mwinuko wa mchanga. Udongo huo wanauita luseni. Maji ya mvua hupita na kuondoka. Nyumba ina vyumba vitatu, kuta nzima, shule karibu. Haina uzio. Ng'ombe wa jirani hukatiza uani kana kwamba ni njia yao, na pengine ni yao.

Wanawake watatu waliingia bila hodi, wakakaa, wakanitazama. Mmoja aliniuliza nina watoto wangapi. Kisha kama mume wangu yu hai. Kisha kwa nini basi hayupo.

Mwenye nyumba, Mama Limi, anaishi nyumba ya tatu. Sauti yake humtangulia. Amekubali papo hapo.

"Njoo na wanao. Nyumba tupu inaliwa na mchwa."

Kulipia na kukabidhiwa funguo ni baada ya sikukuu. Elia anapenda utulivu. Sina hakika ataweza kuishi mahali ambapo mlango ni wa kila mtu. Sina hakika mimi nitaweza. Labda naipenda nyumba hii kwa sababu tu ile ya kwanza iliniaibisha.

Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi peke yangu. Wali wa hotelini, ibada, simu.

Leo asubuhi nimekwenda na tepu kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Shija yuko Maswa kwa ndugu zake, hivyo nilikwenda mwenyewe na Mama Limi alikuwa ameacha mlango wazi. Kwenye nyumba ya jirani, wanaume kama kumi walikaa kwenye viti nje, kimya. Nilidhani ni kikao cha mtaa. Niliwapungia mkono.

Niliweka simu kwenye spika, nikawatembeza watoto chumba kwa chumba. Neema amechagua kile cha nyuma. Tumaini aliuliza kama kweli kuna ng'ombe, na papo hapo mmoja akalia dirishani. Tulicheka mpaka machozi.

Nimefurahi. Niandike hivyo, maana ni mara ya kwanza mwezi huu.

Jumamosi, 27 Desemba

Shija amekuja nyumba ya wageni. Hakushuka kwenye pikipiki.

"Mama Limi amesema nyumba haipo."

"Haipo vipi? Jana nimepima madirisha."

"Ndiyo hayo madirisha, madam."

Mume wa jirani, Mama Doto, alifariki jana alfajiri. Wale wanaume walikuwa msibani. Turubai lilikuwa halijaletwa. Mtaa mzima sasa unajua kwamba afisa alipita mbele ya waombolezaji akiwapungia mkono, akaingia nyumba ya pili na kucheka hadi ndani kwa mjane kukasikika.

"Wanauliza," Shija alisema, akitazama usukani, "mtu huyu siku yake ikifika, atazikwa na nani?"

Sikujua. Nimemwambia Shija hivyo mara tatu. Ni kweli, na haitoshi. Wanaume kumi wamekaa kimya saa tatu asubuhi, msimu wa kulima, hakuna hata mmoja aliye shambani. Mtoto wa hapa angeelewa. Mchumi wa mkoa hakuona la ajabu.

Zimebaki siku kumi na saba.

Jumapili, 28 Desemba

Nimekwenda. Kitenge, kandambili, kichwa nimefunga. Nilipiga goti mlangoni kama nilivyoona wengine wakifanya. "Mwangaluka," nikawasalimu kwa Kisukuma. Waliitikia. Hakuna aliyesogea.

"Afisa, tepu yako umeileta?" aliuliza mmoja wa wale watatu walioingia bila hodi. Wengine wakaficha vicheko kwenye khanga.

Nilisema nimekuja kutoa pole. Kwamba Ijumaa sikujua.

"Haya. Mikono unayo? Ndoo zile pale."

Nilichota maji tangu asubuhi. Bomba liko mbali kidogo na ndoo niliyopewa haikuwa na mfuniko. Safari ya pili nililowa hadi kifuani. "Mwacheni, anamwagilia barabara," mtu alisema. Mazishi yalikuwa alasiri. Baadaye nilikaa chini pamoja na wanawake, bila kuongea. Mjane hakunitazama.

Sasa swali. Nilikwenda kumpa pole, au kuomba nyumba? Kama nisingekuwa na haja ya nyumba, ningekwenda? Nimejaribu kujibu kwa namna tatu. Jibu la kweli ni hapana.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nimesugua masufuria kwa majivu. Wamenifundisha namna ya kuyalaza ili nisiumie mgongo. Nimeelekezwa kwa ukali, na nimeona afadhali ukali kuliko kimya.

Elia amepiga simu. Nimemweleza yote, na kicheko chetu pia.

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Basi endelea kwenda."

Hakusema kama watakuja. Sikuuliza.

Shija ana nyumba nyingine mbili za kunionyesha. Nimemwambia asubiri. Huenda huu ni upumbavu: mwaka mzima wa wanangu nimeukabidhi kwa watu wasio na sababu yoyote ya kunipenda.

Ijumaa, 2 Januari

Kimya. Tangu matanga yaanuliwe juzi hakuna aliyenitafuta.

Leo nawakasirikia. Kosa moja, la mgeni, la dakika ishirini. Namkasirikia Elia kwa sharti lake. Namkasirikia Shija, ambaye ananihurumia. Mchana nilikwenda kuzitazama zile nyumba mbili. Moja iko juu ya baa. Nyingine imekwisha kupangishwa. Ofisini nimesoma ukurasa mmoja mara nne.

Neema ametuma ujumbe: anunuliwe sweta ya shule ya huku Bariadi au ya huko Morogoro? Sijamjibu.

Jumapili, 4 Januari

Shija amepiga simu baada ya ibada. Mama Limi amesema nikamwulize Mama Doto. Funguo amemwachia yeye, kwani ndiye atakayekaa nami ukuta kwa ukuta.

Nimekwenda kwa miguu. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua choroko kwenye ungo. Alinionyesha mkeka. Nilikaa. Nilianza kueleza upya, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima: kwamba sikujua, kwamba najuta.

"Dada, ulikuja kwa ajili ya nyumba," alinikatiza, macho yake yakiwa kwenye ungo. "Tunajua wote."

Nilikuwa na sentensi nzuri ya kukanusha. Sikuisema.

"Ndiyo," nikajibu. "Nilikuja kwa ajili ya nyumba."

Alitupa jiwe dogo pembeni. Akatupa lingine.

"Lakini maji tulikunywa," akasema.

Akaingia ndani, akarudi na funguo zimefungwa kwenye kipande cha khanga. Hakunipa mara moja. Alitaka kwanza kujua majina ya watoto, na ni yupi mkubwa, na kama mume wangu ni mtu wa kusalimia.

Nimemwandikia Neema: ya huku.

Jumamosi, 10 Januari

Wamefika alasiri, wamechoka, vumbi hadi kwenye kope. Kabla dereva wa lori hajazima injini, majirani walikuwa wamebeba magodoro. Mwanamke aliyeniuliza tepu alibeba meza peke yake kichwani, akamsalimu Elia bila kuishusha. Elia aliitikia kwa Kiswahili, akasahihishwa, akaitikia tena. Vikombe viwili vimevunjika. Tumaini hayupo ndani. Namsikia uani kwa Mama Doto.

Bado sijui kama nimechagua vizuri. Nyumba nyingine sikuzipa muda, na sababu zangu za kuing'ang'ania hii nisingethubutu kuziweka kwenye taarifa ya kazi.

Elia amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, akitazama watu wanaopita na kumsalimu mmoja mmoja. Hajasema lolote kuhusu mahali hapa. Nimeketi nyuma yake, kwenye boksi la vyombo, nikisubiri aseme. Amefungua kamba za viatu, akavivua, akaviingiza ndani mlangoni kama alivyozoea nyumbani, miguu yake ikabaki peku juu ya mchanga.