Boti ya Evarista Ilivyovuka Korongo

Ganako,
S.L.P. 73,
Karatu.

Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Hilary,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Bergen? Shemeji Lilian na watoto wanaendeleaje? Na mgongo wako, ule uliosema unakuuma kila ukiinua makasha ya samaki, umepata nafuu? Usiufanyie ujeuri. Sisi wa ukoo huu migongo yetu haisamehe.

Huku hatujambo. Shemeji yako Selestina goti lake linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua kidogo anatembea hadi kanisani bila fimbo. Mvua mwaka huu zimetuzidi. Mahindi yametoa mbelewele na yamenizidi kimo, ila maharage ya bondeni yameoza yote.

Najua ungeweza kunipigia. Lakini jambo ninalotaka kukueleza nimejaribu mara mbili kwenye simu na mara mbili mtandao umekata, na mimi nikiligawa vipandevipande linaharibika. Kaa chini usome.

Unaikumbuka ile boti nyekundu ya rimoti uliyowaletea wajukuu Krismasi ya mwaka juzi? Walicheza nayo wiki mbili kwenye bwawa la umwagiliaji wakaichoka, kwa sababu ilikwenda polepole mno. Bata wa jirani alikuwa anaipita. Ikalala juu ya kabati mpaka Februari mwaka huu, Evarista alipoiteremsha.

Kuhusu binti yangu huyu unajua nusu tu ya habari. Alipoacha chuo cha uuguzi akiwa mwaka wa pili, akaenda kujifunza kutengeneza pampu za visima, nilimwambia maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto. Nilimwambia ameniaibisha mbele ya walimu wenzangu, na kwamba nimesomesha watoto wa watu miaka thelathini na nne ili wa kwangu aje kupakwa grisi. Tangu siku hiyo, miaka mitatu, tulikuwa tunasalimiana na kupitishiana chumvi mezani. Basi.

Sasa nikamkuta jioni moja ameifungua ile boti mezani, nyaya zote nje. Mwalimu wa sayansi hata akistaafu hawezi kupita mahali palipoachwa wazi namna hiyo. Nikasimama. Hakuniambia niondoke.

Alianza kwa kuweka betri yenye nguvu zaidi. Mota ya zamani ikalia kwa kelele, halafu ikatoa moshi na harufu ya plastiki ikajaa nyumba nzima. Moyoni nikasema, haya, si unaona. Yeye akacheka tu. "Sasa najua inafia wapi," akasema.

Akaagiza mota nyingine Dar, ikaja na basi kwenye kifurushi kidogo kama cha viberiti. Ni mota isiyo na brashi, Hilary. Ndani yake hakuna kitu kinachosugua kitu kingine kupitisha umeme, kwa hiyo haili nguvu zake yenyewe. Ina urefu wa kidole, lakini ukiishika ikizunguka mkono unatetemeka hadi kwenye kiwiko. Kwa kuwa inapata joto kali, alichukua bomba jembamba la shaba kutoka kwenye friji bovu, akalizungusha kwenye mota kama nyoka aliyejiviringisha. Boti ikikimbia, maji yanaingia kwa chini, yanapita kwenye lile bomba, yanatoka ubavuni kama mtu anayetema mate. Boti inajipoza kwa maji yale yale inayoyakimbilia! Nililifikiria jambo hilo siku nzima nikipalilia.

Propela ya plastiki aliitupa, akaweka ya shaba. Kabla ya kuifunga aliipachika kwenye sindano ya kushonea ya mama yake, akaitazama ni upande gani unaoshuka, akaupiga tupa kidogo, akaitazama tena. Alifanya hivyo mpaka ikatulia bila kuegemea popote. Mizani niliifundisha miaka yote ile ubaoni, kwa rula na mawe. Sikuwahi kuiona ikifanya kazi namna ile.

Siku ya kwanza bwawani boti iliinua pua juu ikapinduka. Akaisogeza betri mbele, akakata vibati viwili vya kopo la mafuta akavifunga mkiani ili viibonyeze pua. Mimi nikapima mita mia moja kwenye ukingo. Mwaka juzi, ilipotoka kwenye boksi, ilichukua sekunde arobaini kwenda umbali huo. Akaniuliza, "Tayari, Baba?" Nikasema tayari.

Hilary, nilisahau kubonyeza saa. Boti haikwenda juu ya maji kama vitu vinavyoelea. Ilikuwa inayagusa tu na kuyaacha, na nyuma yake ukasimama ukuta mweupe wa maji unaonizidi urefu. Ikabidi arudie. Sekunde nane. Nikapiga hesabu kwenye daftari mara tatu, jibu likawa lile lile, kilomita arobaini na tano kwa saa. Kitu chenye uzito wa kuku! Nilikaa kwenye majani nikamtazama mtoto wangu kama mtu niliyekuwa sijatambulishwa kwake.

Tangu siku hiyo nikawa nafuatana naye kazini. Jumatano baada ya Pasaka tulikuwa tunakwenda Baray, kwenye shamba la vitunguu lenye pampu iliyokwama. Boti ilikuwa nyuma ya pikapu kwa sababu shambani kuna bwawa kubwa na alitaka kuijaribu huko.

Hatukufika. Korongo lilikuwa limejaa, magari yamepanga foleni pande zote mbili, na watu wamesimama ukingoni wakipiga kelele. Katikati ya maji palibaki kichuguu chenye mgunga mmoja, na juu yake watu wawili, mzee wa Kimaasai anayeitwa Supeet na mke wa mwanawe, Namunyak. Namunyak alikuwa anampeleka mzee zahanati kwa ajili ya macho. Maji yalishuka ghafla kutoka milimani wakiwa nusu ya njia, wakapanda pale. Kutoka kwetu hadi kwao palikuwa na kama mita hamsini za maji mekundu yenye magogo.

Dereva mmoja alijaribu kuingia. Alipigwa chini hatua ya nne, wenzake wakamvuta kwa koti. Wengine walirusha kamba iliyofungwa jiwe, ikaanguka kabla ya nusu. Kichuguu kilikuwa kinapungua tukikitazama.

Evarista alikwenda kwenye pikapu akarudi na boti, pamoja na ule uzi mwembamba wa nailoni anaopimia kina cha visima. "Baba, shika huu uzi," akasema. Mtu mmoja nyuma yetu akafoka, "Watu wanakufa, ninyi mnaleta michezo!" Sikugeuka, lakini nitakuwa mwongo nikisema nami sikuwaza hivyo.

Mara ya kwanza alifunga uzi mkiani. Boti ilitoka vizuri, kisha uzi ukaishika mkia ikashindwa kukata kona, maji yakaipeleka chini. Tukairudisha kwa kuivuta, imejaa matope. Watu wakaguna. Yeye akaifuta kwa kanga yake, akafungua uzi, akaufunga katikati ya mgongo wa boti ili mkia uwe huru kugeuka. Tukapanda ukingo hatua kama hamsini kuelekea maji yanakotoka.

"Baba, ukikaza tu, imekwenda. Uwe unalegeza kabla sijakuambia."

Nikasema, "Ndiyo." Nilimjibu kama mwanafunzi.

Uzi ulikimbia viganjani mwangu mpaka nikasikia ngozi inaungua, na sikuthubutu kubana. Boti iliingia kwenye maji yale ikiruka kama panzi. Likaja gogo, akaikwepesha. Ikafunikwa na wimbi, watu wote wakasema, "Aaah!" Mlio wake ulimezwa na ngurumo ya mto. Mimi sikuiona tena, ila Evarista alikuwa ameukazia macho ule mchirizi mdogo wa maji yanayotoka ubavuni, kwa sababu mchirizi ukiwapo mota iko hai. "Ipo," akasema polepole. "Ipo. Ipo."

Namunyak aliushika mgunga kwa mkono mmoja, akaingia majini hadi kiunoni, akainyakua boti kama unavyomnyakua mwanakondoo.

Ukingo mzima ukapiga vigelegele.

Yaliyofuata yalikuwa ya nguvu tu. Tulifunga uzi kwenye kamba nene ya kushushia pampu visimani, na katikati ya kamba tukafunga tyubu kubwa ya tairi la lori, ncha yake nyingine tukaishika sisi. Kijana wa foleni anayejua Kimaasai akampigia kelele Namunyak avute, akavuta. Akampandisha mkwewe, akapanda naye, boti ameipakata. Sisi watu kama ishirini tukavuta upande wetu. Walipofika, Supeet alikuwa anatetemeka meno, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni nani aliyemtuma yule ndege mwekundu. Haikupita saa moja, pale walipokuwa yakabaki matawi ya mgunga tu.

Mimi nilirudi kukaa kwenye pikapu. Evarista alinifuata. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa yale maneno."

"Yapi, Baba?"

"Unayajua."

Alifungua viganja vyangu akaona nyama, akachukua kisanduku cha dawa chini ya kiti, akanisafisha na kunifunga bandeji safi kabisa, isiyokaza wala kulegea. Akasema, "Hii niliisoma mwaka wa kwanza." Tukacheka wote wawili, kisha mimi nikalia, na yeye akanisubiri nimalize.

Wiki mbili baadaye Supeet alifika hapa kwetu na wanawe na mtamba mwekundu. Ni wa Evarista mwenyewe, si wa baba yake. Tangu siku hiyo hawaitani majina. Mzee anamwita Pakiteng, naye anamwita Pakiteng, kama wafanyavyo Wamaasai waliopeana ng'ombe. Nimeishi nao jirani maisha yangu yote, na mimi hajaniita hivyo hata mmoja.

Boti imepasuka mbavu na mota imeingia mchanga, lakini ameshaanza kuichora upya. Anasema kilomita arobaini na tano ni chache. Ukipita kwenye duka la vifaa hivyo huko kwenu, mtafutie propela za shaba za ukubwa mbalimbali, atakupigia akueleze vipimo.

Lazaro na mkewe wa Arusha wanakusalimu. Mama yetu mdogo Sabina wa Kansay anauliza lini utakuja, asema anazeeka na wewe unachelewa. Selestina anamsalimu sana Lilian. Mungu akukinge na baridi ya huko, na akurudishe siku moja ukanyage udongo huu mwekundu ukiwa mzima.

Nimalizie na hili. Jumamosi sokoni Karatu mama mmoja muuza nyanya alinitazama sana, akaniuliza, "Wewe si ndiye baba yake Evarista?" Miaka yote nimeitwa Mwalimu, na yeye akaitwa mtoto wa Mwalimu. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akaniongezea nyanya tatu.

Kaka yako anayekupenda,

Josephati,
baba yake Evarista