Sahani ya Mgeni Haiwekwi Picha

Mama Kasia,

Nimebishana na dada yako mkesha wa Krismasi, mbele ya watu, na sijutii. Afadhali uyasikie kutoka kwangu, yaya wa nyumba yako.

Tangu usafirishwe kutoka huku Uarabuni kwenda kuzikwa kwenu Poland, Baba Kasia hakutaka kusikia habari ya sherehe. Dada yako alipofika akaongeza lake: mwaka huu ni chakula cha familia tu, majirani wakale kwao. Familia! Wewe uliyekuwa ukiburuta meza mpaka kwenye korido, ukawalisha Wafilipino, Wahindi na sisi Wakenya samaki baridi na zile sambusa zenu za kuchemsha, ukicheka tukikunja nyuso? Wiki yangu ya kwanza nilikuita madam, ukaniambia, "Hapa hakuna madam. Kuna Mama Kasia." Nilikupenda siku hiyohiyo.

Basi meza niliiburuta mwenyewe. Nikatandaza majani makavu chini ya kitambaa kama ulivyonifundisha. Niliyapata kwa muuza chakula cha mbuzi kule Al Qusais. Majirani wakaja na sufuria zao. Dada yako akaenda akaweka picha yako juu ya ile sahani tupu mnayomwekea mgeni asiyetarajiwa.

Nikaiondoa. Nilijua kibarua changu kiko kwa hawa. Nikamwambia, "Hii ni ya mtu mwenye njaa. Yeye hatakuja tena." Nililia nikisema hivyo. Dada yako naye akalia, na chakula kikapoa mezani.

Ndipo akapanda mlinzi wa jengo, Mganda, katumwa na meneja: meza itoke kwenye korido, yalla, sasa hivi. Baba Kasia akasimama. Nikajua khalas, kazi imeisha. Kumbe anamvutia mlinzi kiti cha ile sahani tupu! Dada yako mwenyewe akamvunjia kipande cha ule mkate mwembamba kama karatasi, akamtakia heri kwa Kipolandi. Mganda wa watu akaitikia amina, akaketi, akala.

Sasa meneja amebandika onyo kwenye lifti. Nimelisoma lote.

Pumzika, dada yangu. Kasia ninaye, simwachi. Na mwakani meza itakuwa palepale koridoni. Meneja akija mwenyewe kutufukuza, ile sahani ni yake.

Wako,
Nekesa