Mama Amfukuza Mhasibu wa Baba Mdogo

Shoga, uko wapi? Mama kamfukuza mhasibu! Yule aliyeletwa na baba mdogo, wa tai na viatu vya kumeremeta.

Kaingia karakana ya mama ya kushona, akampita mama mwenyewe na futi yake ya kupimia shingoni, akaniuliza mimi, "Bosi yuko wapi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akajitambulisha, akampa kiti. Jamaa akatoa fomu za kodi, tupu, hazijajazwa. "Saini hapa, mama. Mengine niachie mimi."

"Nieleze kwanza ninachosaini."

"Hutaelewa." Akacheka.

Hutaelewa, shoga! Anamwambia mama!

Mama akavua miwani taratibu. "Nimefundisha mafundi kumi na wawili kukata suti. Hakuna hata mmoja niliyemwambia hataelewa. Chukua fomu zako."

Baba mdogo akaja juu, eti kaaibishwa mbele ya watu. Mama hakutetereka: "Shemeji, sahihi ni yangu, na jela ningekwenda mimi."

Sasa hivi kamwita yule dada mhasibu wa mtaa wa nyuma. Wameinama juu ya meza ya kukatia. Mama anauliza, dada anaeleza, mama anauliza tena. Hajasaini bado, na yule dada wala hana haraka.