Kivuli Kilichoangukia Kulia

Kwa Zuhura, ndugu yangu wa tumbo moja, uliyelala Tezo:

Barua hii haitakufikia, nami nalijua hilo ninapochovya kalamu. Naiandika kwa kuwa kosa langu nililifanya mbele za watu, kwa sauti na kwa hoja zilizopangwa. Haifai masahihisho yake yabaki kifuani mwangu. Atakayetaka kuisoma na aisome.

Utaikumbuka ile fimbo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, najifunza kuzijua nyakati za sala kwa kivuli, nawe ulikuwa na kumi. Ni wewe uliyeishika fimbo wima uani kwetu mchana kutwa, huku mimi nikitia alama za chokaa sakafuni. Nzi walitua usoni mwako usiwafukuze. Ukaniuliza, "Kaka, na jua likikosea?" Nikakujibu kuwa jua halikosei, hukosea mwenye kulitazama. Ulicheka, fimbo ikatikisika, nami nikakupiga kofi, kwa sababu alama ya alasiri ilikuwa imeharibika. Hukulia. Kesho yake uliishika tena.

Ulipotaka kuolewa na Mabruki, hamali wa forodhani, nilikupinga kwa kitabu. Nilikusomea mlango mzima wa kufu, wa mume kulingana na mke kwa hadhi, mstari kwa mstari. Ulisikiliza hata mwisho, kisha ukasema, "Umesoma vizuri, Kaka. Lakini aliyekiandika kitabu hakumwona Mabruki." Wala mimi sikutaka kumwona. Mkahamia mtaa wa mahamali nyuma ya soko, kwenye vibanda vya makuti vilivyobanana hata, kama nilivyoambiwa, mtu akikohoa huku huombewa afya kule. Nasema nilivyoambiwa, kwa kuwa kwa miaka saba ya ndoa yako sikuukanyaga mtaa huo. Wewe ndiye uliyekuja kwangu kila Ijumaa, na mwanao Saumu mgongoni, ukakaa karibu na mlango, mahali nilipokuonyesha siku ya kwanza kwa kidole.

Mabruki akafa kwa kuangukiwa na robota la pamba. Nilikutumia ujumbe: kaa eda yako, na ikiisha urudi nyumbani kwangu wewe na mwanao. Nilikuahidi hivyo kwa sababu hukuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu watu walikuwa wakingoja kuona nitafanya nini.

Katika miezi ile Jivan, mpiga picha mwenye duka karibu na forodha, alikuwa na biashara mpya. Wazungu wapitao kwa meli walikuwa wamechoka na kadi za posta zenye picha za misikiti na nyumba za mawe. Walitaka kuona namna maskini wanavyoishi. Basi Jivan akaingia mtaa wa mahamali na sanduku lake la miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akaupiga mtaa ulivyo: moshi, kuku, wachuuzi, watu waliochuchumaa wakila.

Kadi moja ililetwa barazani kwangu, nilipokuwa nimekaa na wenzangu. Ilipita mkono kwa mkono, na kila mkono ulikuwa na la kusema.

"Tazameni, mjane wa Mabruki yuko njiani!"

"Eda za siku hizi zina mpiga picha wake."

"Na huyu muuza kahawa anatoa kikombe kwa mkono wa kushoto! Na yule anakula muhogo kwa kushoto!"

"Ndiyo maana hawashibi."

Walicheka, nami nilicheka. Kisha nikakutazama. Nguo nyeupe za eda, debe kichwani, shingo yako iliyolala upande tangu ulipoanguka ngazini ukiwa mdogo. Nilikutambua kwa shingo hiyo, na sikujiuliza imelala upande gani.

Siku eda ilipokwisha ulikuja na furushi lako. Nilikuwa nimewaita wenzangu wale wale. Nilikuuliza kama ulitoka.

"Nilitoka, Kaka. Mara moja tu. Asubuhi, jua bado chini, mitungi mikavu na mtoto analia kiu."

"Na jioni?"

"Jioni nitoke kwenda wapi? Adhuhuri majirani walikuwa wamekwisha kunijazia mitungi."

Hapo nilikuwa nimekupata, au ndivyo nilivyodhani, na nakiri kuwa nilihisi furaha. Niliwaeleza wenzangu kwamba mjane ana ruhusa ya kutoka mchana kwa dharura, kwa hiyo sikukushtaki kwa kutoka. Nilikushtaki kwa uwongo. Jivan alikuwa ameniambia kwamba alisimamisha sanduku lake likitazama kaskazini. Katika picha vivuli vyote vimeangukia kulia, yaani mashariki. Kwa hiyo jua lilikuwa magharibi. Kwa hiyo saa ilikuwa kumi na nusu ya jioni, wakati mitungi yako, kwa maneno yako mwenyewe, imejaa. Nilipima urefu wa kivuli chako kwa bikari mbele yao. Hapakuwa na ufa hata mmoja katika hoja ile.

Saumu, mwenye miaka sita, alisema, "Mjomba, ilikuwa asubuhi. Nilikuwa sijala kitu."

Nikamwambia watoto hawashuhudii.

Nawe ukasema kwa upole, kana kwamba bado tuko uani, "Kaka, mimi ndiye niliyekushikia fimbo. Kivuli nakijua. Itazame tena hiyo picha, tafadhali."

Sikuitazama tena. Nilisema, "Mtoto nitamlea. Mwongo simweki nyumbani." Ulimfungua Saumu vidole vilivyoshika kanga yako, kimoja kimoja, ukamwambia akae awe na adabu. Hukugeuka nyuma. Wenzangu walinisifu kwa usahihi wangu.

Ulikwenda Tezo kupalilia mahindi ya familia ya Kigiriama iliyokupa kibanda. Mvua za mwaka wa pili zikaja na homa. Aliyeniletea habari alikuwa mzee wa nyumba ile, aliyekuja Malindi kuuza kuku. Alisimama mlangoni mwangu akasema, "Tulimwita Mwislamu kutoka Kilifi amwoshe na kumsomea, maana sisi hatujui dua zenu. Marehemu alikuwa ametaja mtaa huu. Wewe u nani yake?"

"Jirani," nikasema.

Akanipa pole za jirani, ambazo ni fupi, akaenda zake.

Hiyo ni miaka saba sasa. Mwaka huu Jivan alifunga duka ili arudi kwao, akawa anauza vioo vyake vya picha, vile alivyochapia kadi, kwa yeyote mwenye haja ya kioo. Mimi nilikuwa na haja: milango ya kabati langu la vitabu. Nilikuwa nikivichagua kimoja kimoja dhidi ya mwanga wa dirisha, nikakiona kile cha picha yako. Jivan alikigeuza mkononi mwangu.

"Si hivyo, Mwalimu. Upande wenye dawa ndio hutazama karatasi. Hiki… ah, hiki kilichapwa kinyume. Kijana wangu alikosea, kadi zote zikatoka kulia kushoto, kushoto kulia."

"Ukaziuza?"

"Zote! Mzungu ataona kibanda, ataona debe, basi. Nani atauliza mkono wa mtu maskini?"

Kioo kikiwa upande wake wa haki, muuza kahawa alitoa kikombe kwa mkono wa kulia. Mla muhogo alikula kwa mkono wa kulia. Shingo yako ililala kushoto, kama ilivyolala maisha yako yote. Kivuli kiliangukia magharibi. Ilikuwa saa moja na nusu ya asubuhi. Na kando ya nguo yako palikuwa na ukungu mdogo, wa mtu asiyeweza kutulia. Huyo alikuwa Saumu.

Fikiri, Zuhura, nilivyokuwa na ushahidi. Mtaa mzima wa Waislamu ulikuwa ukila kwa kushoto, na mimi, mwenye kujisifu kwa kutazama, sikuona kioo kilichogeuzwa. Niliona watu wasio na adabu. Siku hiyo niliukanyaga mtaa wako kwa mara ya kwanza. Mlango wa kibanda chenu uko mkono wa kushoto wa njia. Katika kadi uko kulia. Ningalikutembelea mara moja katika miaka saba, hata kwa dakika za kusema hodi tu, ningalijua.

Niliwakusanya tena wenzangu, waliosalia, nikawaeleza kosa langu kwa mpangilio ule ule niliotumia kukuhukumu. Mmoja alipiga miayo. Mwingine akasema, "Mwalimu, bado unalo hilo? Mungu amrehemu. Kahawa iko wapi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Sikuwa nimejiandaa kwa jambo hili, kwamba uliharibiwa kwa burudani ya mchana mmoja na hakuna aliyeihifadhi.

Ndipo nikaenda kwa Saumu. Alikuwa ametandaza ungo mapajani akichambua mchele. Ana miaka kumi na tano, na huongea nami kwa heshima isiyo na joto lolote. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kioo. Hakukishika.

"Najua ilikuwa asubuhi, Mjomba. Nilikwambia."

"Ulikuwa mtoto."

"Sasa si mtoto. Nikuulize?"

"Uliza."

"Picha ingalichapwa sawa, mama ungemweka?"

Nililipima swali lake kwa uangalifu, kwa kuwa ndilo swali la pekee lililokuwa na maana katika jambo hili lote, na halikuulizwa na msomi yeyote. Nilikumbuka furaha yangu wakati bikari ilipogusa kadi. Nilikumbuka kuwa usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimefungua kitabu cha eda mahali pengine pia, nikitafuta kama kuna adhabu kwa mjane aliyecheka. Nilikuwa nikitafuta sababu tangu siku uliyoolewa. Picha ilinikuta nikiwa tayari.

"Hapana," nikamwambia. "Ningepata sababu nyingine."

Aliendelea kuchambua hata punje za mwisho. Akaupika ule mchele, akanipakulia, akaninawisha mikono kama kila siku. Kisha akafunga nguo zake katika kanga na kuaga vizuri. Anakaa sasa mtaa wa mahamali, kwa majirani wenu wa zamani. Nilipomwuliza mbona hakuondoka siku zote hizo, alisema alikuwa akingoja kujua kama mjomba wake alikosea au alikusudia.

Sikuombi msamaha. Nakujua, ungenisamehe upesi mno, nami ningelala vizuri.

Lala wewe.

Kaka yako