Macho ya Kwetu

Jumanne, 4 Machi

Matone ya macho, dawa ya tezi, chai, miwani myeusi, shule. Darasa la nne wananiita Madamu Miwani. Wacha waniite. Bora miwani kuliko kilichoko nyuma yake.

Mapigo ya moyo yametulia. Macho bado yametoka, kama ya mtu aliyeshtuliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Daktari kaeleza vizuri: kinga ya mwili wangu imeigeukia tezi ya shingoni, na macho nayo yanashambuliwa. Wengine huzaliwa na vinasaba vinavyofungua njia, ndiyo maana ugonjwa huu huonekana ndani ya ukoo mmoja. Akauliza, "Kwenu kuna mwingine?"

Nikajibu hakuna.

Yupo. Shangazi Leokadia, dada wa baba, yuko kijijini Usevya. Macho yake ni haya haya, na kwa sababu ya macho hayo wanamwita mchawi. Jumuiya ya kanisa ikisali nyumba kwa nyumba, kwake wanapita tu. Ningemtaja, mtaa wetu wa Nsemulwa mzima ungejua mimi ni damu ya nani. Wazazi wangewahamisha watoto darasani kwangu. Aibu ilinishika kabla sijafika getini. Sikurudi kusema kweli.

Jumapili, 9 Machi

Nimesali vibaya. Kwaresima hii nimeacha nyama na sukari. Uongo umenishinda.

Jumamosi, 22 Machi

Binamu kapiga simu. Jicho la kushoto la shangazi halifumbi hata akilala, sasa linatoa usaha. Pale kijijini wanasema uchawi wake umemrudia. Katika ukoo mzima mimi peke yangu najua ni nini, na nimenyamaza. Najichukia.

Jumapili, 23 Machi

Nimemfuata Usevya. Nikapiga magoti kumwamkia, nikavua miwani. Akanishika uso kwa mikono miwili, akalia.

"Na wewe, mwanangu? Basi huko hospitali usiseme we ni wangu. Sema umemsindikiza jirani. Nyie bado mnaishi na watu."

Anayeumwa ni yeye, anayelindwa ni mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njia nzima mpaka Mpanda sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 24 Machi

Daktari yule yule. Kabla hajauliza nikasema: huyu ni shangazi yangu, dada wa baba, na siku ile nilikudanganya. Shangazi alinivuta gauni ninyamaze. Daktari akaandika tu, hata uso hakuinua. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Jicho la kulia litasaidika kwa dawa. La kushoto basi tena, kidonda kimeshakula kioo chake. Angekuja ulipokuja wewe, alisema daktari, lingepona. Hakusema kwa ubaya.

Shangazi amelala kwangu, chumba cha watoto. Hajaniuliza kwa nini nilichelewa. Kaniuliza kama nimekula.