Ukuta wa Mama na Majaji Watatu

Jumapili, 8 Septemba 2013

Makala yangu imetoka ukurasa wa kwanza wa gazeti! Nimewachana wale wataalamu wa Roma na majedwali yao: eti mahakama yenye majaji wachache huchelewesha kesi, eti yetu ifungwe, tuunganishwe na mji mkuu wa mkoa, kilomita sitini. Upuuzi! Hapa mjini Pietrasole tuna majaji watatu, na kila mmoja anajua mto unapita wapi.

Mama hakuisoma. Alikaa jikoni mbele ya dirisha lake, akiutazama ukuta. Miaka kumi na moja tangu jirani yetu Tarquinio aujenge, mita moja na nusu kutoka kwenye kioo. Miaka kumi na moja tangu tumshtaki. Mama bado anaona ng'ambo yake. "Leo kilimani wanavuna zabibu," aliniambia. Huko ndiko alikozaliwa. Nami nikatazama. Matofali — na kwa kitambo, naapa, nilinusa zabibu.

Jumanne, 10 Septemba

Kamati ya kutetea mahakama imekubali: Ijumaa tutakaa langoni pa mahakama, gari la kuhamisha mafaili lisitoke. Mimi nitakaa katikati.

Tarquinio alinikuta baa nikinywa kahawa. "Mwalimu, unapigania mahakama iliyokusahau?" Nikamwambia akajenge ukuta mwingine, safari hii mbele ya mdomo wake. Baa nzima ilicheka. Hata yeye, mshenzi.

Mama kauliza kesi itaamuliwa lini. Aliuliza kama mtu anayeulizia mvua. Ana miaka themanini na sita.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda kwa karani wa mahakama, Bwana Quirino, kuulizia faili la Mama. Jengo lile zamani lilikuwa la watawa. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa madirisha marefu, polepole, masanduku yamepangwa chini yake kama watu wanaosali. Nusura nisahau nilichofuata.

"Soma mwenyewe, Mwalimu."

Jaji wa kwanza: amejitoa kwenye kesi. Sababu — makala yangu ya 2003, nilimwita konokono mwenye joho. Wa pili: amejitoa. Nilimwita kabati. Wa tatu, yule mwanamke mpole — hata yeye! Akinipa ushindi, watasema ananiogopa. Akininyima, watasema analipiza kisasi. Kila jaji aliyehamia hapa, nilimwandika gazetini. Kila niliyemwandika, alijitoa. Wawili waliazimwa kutoka mkoani, wakaondolewa kabla ya kuandika hukumu.

"Mbona hukuniambia?"

"Wakili wako alikuambia. Ukamwandika na yeye."

Kweli. Nilidhani ni visingizio vya mvivu.

"Kule mkoani wako majaji thelathini na wanne," alisema akikaza kamba ya sanduku. "Utachoka kutukana kabla hujawamaliza."

Nikamshikia kamba afunge fundo. Mimi!

Alhamisi, 12 Septemba

Hotuba ya kesho sijaandika. Mama alisinzia mchana kitini, akaamka akitabasamu: kaota ukuta umekuwa maji, mkono wake ukapita. Kanionyesha mkono wenyewe, kama ushahidi. Nilipoushika ulikuwa baridi.

Ijumaa, 13 Septemba

Langoni. Tuko themanini hivi, tumekaa chini, bendera, themosi za kahawa. Ukungu bado haujainuka. Gari limesimama uani nyuma yetu, linanguruma kama mnyama anayeota. Naandika gotini.

Bwana Quirino ameinama, ameninong'oneza sikioni. Sanduku lenye faili la Mama limo garini. Jumatatu kule mkoani wanaanza kugawia majaji kesi. Lisilofika leo litangoja mgao mwingine, na hajui utakuwa lini.

Bado naamini nilichoandika! Mji bila mahakama ni mji uliofungwa mdomo. Naamini kila neno. Watu wanaimba jina langu, na sauti zao zinanifikia kutoka mbali sana, kana kwamba nimelala jikoni kwetu na redio imeachwa ikiongea. Kilima hakionekani. Najua kipo wapi.

Dereva kapiga honi. Nimejisogeza kidogo kushoto.

"Vipi, Mwalimu, miguu imekufa ganzi?" ameuliza mwokaji wetu, aliyekaa kushoto kwangu.

Nimemwambia ndiyo. Kasogea kunipa nafasi, na mkewe kasogea, na anayemfuata. Wema wao! Hakuna aliyetazama nyuma. Honi tena.

Nimejisogeza tena; kulia kwangu pengo linakaribia upana wa gari —