Sura ya Naza kwenye Mguu wa Ulises

Rosario, 30 Januari

Kaka Naza,

U mzima huko? Kifundo cha mguu kimepungua uvimbe? Hapa mama yuko sawa, baba si sawa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mama hasogei pembeni, na hili sijamwambia mtu yeyote: ninamjua aliyemvunja baba mkono.

Uliposajiliwa na hiyo timu ya Hispania ukaibusu jezi mbele ya kamera, mtaa mzima ulizima televisheni. Nyekundu na nyeupe, kaka! Rangi za timu ya Machinjioni, mahasimu wetu. Mtoto wa timu yetu ya Relini hanunui hata mswaki wa rangi hizo.

Siku ya pili wakaja, nyuso zimefungwa skafu. "Toka, mzazi wa msaliti!" Madirisha yote wakayamaliza kwa matofali. Baba alipotoka kuwasihi, mmoja akamwangusha ngazini, akampiga nondo mpaka mfupa ukatokeza nje. "Mwambie mwanao na huu aubusu," alisema.

Uso wake ulikuwa umefunikwa, lakini alivaa kaptula, na kwenye shavu la mguu ilikuwepo sura yako. Tatuu ile anayo Ulises peke yake, rafiki yako aliyekulia mezani kwetu. Polisi waliniuliza. Nikatikisa kichwa. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Maitena


Hispania, 4 Februari

Profesa wangu,

Pole, mdogo wangu. Mpe baba pole, na wewe kula, usishibe vitabu tu. Mimi nadunda. Mabeki wa huku wananikanyaga kama mende. Juzi nimeshonwa paji la uso bila ganzi nikarudi uwanjani.

Wapiga picha walikuwa wanapiga kelele, "Busu! Busu!" Nikabusu. Rangi sikuziona kabisa. Niliona kazi tu.

Ulises tumelala godoro moja kambi ya vijana. Nimempigia. Nimemwambia najua ni yeye. Akacheka: "Ndugu yangu, ukifunga usishangilie, mambo yataisha." Basi Jumapili nikifunga nitainua mikono, niombe radhi, mtaa uone.

Wewe nyamaza. Unajua wanaosema hapo mtaani wanafanywa nini. Nyamaza kwa ajili yangu.

Kaka yako,
Naza


Rosario, 13 Februari

Kaka Naza,

Natumaini umepumzika, na uzi wa kwenye paji umetolewa. Nilinyamaza kama ulivyotaka.

Ulifunga, ukainua mikono. Baba alilia mbele ya televisheni. "Mnaona? Mwanangu ana adabu," alisema, akaenda kuwasha moto wa kuchoma nyama kwa mkono mmoja.

Ulises aliingia kwa mlango wa uani, wenzake nyuma yake. Safari hii hakujifunika. Mguu wake ulikuwa na bendeji inayovuja usaha. Sura yako ameiunguza kwa pasi. Aliupiga teke moto, makaa yakatawanyika miguuni kwa mama. Hakuitaja jezi wala goli.

"Nani kati yenu alimpelekea Naza jina langu?"

Kaka, ulimpigia simu. Hukuwaza angejiuliza nani alikuambia?

Nilifungua mdomo. Baba alinitazama, na nadhani alielewa hapo hapo kuwa ni mimi, kwa sababu yeye alikuwa hajui lolote. Akasema, "Mimi."

"Wewe mzee?"

"Mimi. Kwani wewe nani nisikutaje? Umekula kwangu miaka yote, mbwa wewe."

Ulises akampiga risasi goti moja, akasubiri, akapiga la pili. Mama alimrukia akamng'ata shavu. Wenzake wakamtupa mama juu ya makaa. Majirani walifunga madirisha.

Baba yu hai. Mguu wa kulia wameukata. Mama ameungua mgongo. Utasema ninyamaze tena, najua, kwa hiyo sikukusubiri.

Leo asubuhi nilipanda basi mpaka ofisi ya mwendesha mashtaka. Karani aliniambia, "Binti, ongea kwa sauti, sisikii." Nikalirudia jina lake lote, Ulises Barrionuevo, nikaeleza mara zote mbili alizokuja, nikataja jina langu, nikatia sahihi. Kisha nikaenda hospitali, nikamwosha baba uso.

Mdogo wako,
Maitena